Deli la dada na shombo ya wiki tatu: harufu ilikuwa inakaa wapi

Dada yangu aliniletea deli lake Ijumaa jioni akaliacha nje mlangoni, akasema sitaki hata kukuingizia ndani, ukishindwa litupe tu. Ni deli la plastiki la lita 45, wengine wanaita kulboksi, bluu nje nyeupe ndani, mfuniko wa bawaba na kizibo cha kutolea maji chini pembeni. Halijapasuka popote na barafu linashika siku mbili bila wasiwasi. Tatizo lake ni hilo moja, linanuka shombo kiasi kwamba ukifungua mfuniko uso unageuka wenyewe kabla hujajua umegeuka.

Kisa hiki naandika chote kwa sababu ushauri mwingi wa deli linalonuka unaanza na mwagia hiki, mwagia kile, na hapa vyote vilikuwa vimeshamwagwa. Harufu ina mahali inapokaa na ina aina yake, na usipojua hivyo viwili kila unachomwaga ni kubahatisha tu, hata kama ni dawa nzuri.

Nilianza kwa kumuuliza maswali kabla sijagusa maji. Shemeji alikuwa ameenda kuvua na wenzake, wamerudi usiku wamechoka, samaki wakatolewa ila maji ya barafu yaliyoyeyuka yakabaki chini, dada anakisia kama lita mbili hivi, mfuniko ukafungwa na deli likaingizwa stoo. Stoo yenyewe ni ya bati, mchana ni joto la kuchemsha. Likakaa humo wiki tatu mpaka siku lilipohitajika. Kwa hiyo tunazungumzia maji yenye damu, ute, mafuta na vipande vidogo vya samaki, yamefungiwa bila hewa kwenye joto siku 21. Bakteria hawahitaji zaidi ya hapo.

Alafu nikamuuliza umefanya nini mpaka sasa. Alianza na maji yaliyochemka kabisa kutoka kwenye birika, kisha sabuni ya vyombo, kisha blichi ya klorini usiku kucha, kisha manukato ya kupulizia chumbani, na mwisho siki na bekingi soda kwa pamoja mpaka povu likajaa likamwagika. Kila mara likikauka anaona afadhali, analifunga, kesho yake akifungua shombo iko palepale na sasa imechanganyika na manukato na kaharufu ka klorini. Akaniambia na kitu kingine ambacho yeye alikiona cha ajabu: alipokuwa anasugua kwa sabuni, na tena siku ya bekingi soda, harufu ilipanda badala ya kushuka.

Hilo ndo lilikuwa la maana kuliko yote aliyosema, na ili lieleweke lazima tujue shombo yenyewe ni nini. Samaki wengi, hasa wa baharini, wana kitu mwilini kinaitwa trimethilamini oksaidi, chenyewe hakina harufu, kazi yake ni kuwasaidia kuishi kwenye maji ya chumvi. Samaki akishakufa bakteria wanakigeuza kuwa trimethilamini, na hiyo ndo shombo. Inachemka kwenye nyuzi joto kama 3 tu, yaani kwenye joto la kawaida la chumba yenyewe ni gesi, inaruka moja kwa moja mpaka puani, na pua ya binadamu inaikamata hata ikiwa chembe kidogo sana. Sasa trimethilamini ni kitu cha upande wa magadi, kinyume cha asidi. Ikikutana na asidi kama siki au limau inageuka kuwa aina ya chumvi, na chumvi hairuki, inabaki kwenye maji na unaweza kuimwaga. Ila ukiipelekea tena kitu cha upande wa magadi, mfano sabuni, hasa ile kali ya unga, na hata bekingi soda kwa kiasi chake, ile chumvi inafunguka na gesi inaruka upya. Ndo maana dada aliona harufu inapanda. Alichokuwa anaamsha kilikuwepo tangu mwanzo, hakuwa ameongeza kitu.

Kwa hiyo aina ya harufu tukawa tumeipata: ni ya kumalizwa na asidi, na bekingi soda haifai kuja mwishoni. Na ile ya kuchanganya siki na bekingi soda, naomba niseme wazi kabisa, ni kupoteza vyote viwili. Povu linafurahisha macho lakini povu ni kaboni daiyoksaidi tu inatoka, kinachobaki ndooni ni maji yenye chumvi isiyo asidi wala magadi. Siki yako imekufa, soda yako imekufa. Kama unataka kutumia vyote, tumia kimoja, suuza, alafu kingine siku nyingine, na kwa shombo siki ndo iwe ya mwisho.

Maji ya kuchemka nayo yalikuwa kosa la kwanza, na nalisema kwa upole kwa sababu wengi wetu tungefanya hivohivo. Damu na ute wa samaki ni protini, ukimwagia maji ya moto sana inaganda kama yai linavyoganda na kushika kwenye kila mkwaruzo. Na plastiki ya ndani ya madeli mengi ni polietilini, haiyeyuki kwa maji ya moto lakini inalainika na inaweza kupinda, na pia ikiwa ya moto inanyonya mafuta na harufu haraka zaidi. Maji ya kwanza kwenye deli la samaki yawe baridi. Ya uvuguvugu yanakuja baadaye.

Kuhusu blichi sina ugomvi nayo, inaua bakteria vizuri, kijiko kimoja cha chakula kwenye lita 4 za maji baada ya deli kusafishwa kinatosha. Lakini blichi inafanya kazi pale inapogusa tu, na kwenye utando wa mafuta na ute inamalizikia juujuu. Na hapa lazima nipaze sauti kidogo: dada aliloweka blichi, akamwaga, na siku mbili baadaye akaweka siki. Kama asingesuuza vizuri katikati, blichi na siki zikikutana zinatoa gesi ya klorini, na mtu anakuwa ameinamisha kichwa ndani ya deli anasugua. Ni hatari ya kweli, watu wanaumia mapafu. Usizikutanishe kamwe, na wala blichi na kitu chenye amonia.

Basi aina tunaijua. Inakaa wapi?

Hapo wengi wanakosea kwa sababu wanategemea kuingiza kichwa na kunusa. Ukishanusa mara mbili tatu pua inazoea, na pia hewa ya ndani ya deli imechanganyika, huwezi kujua imetoka sakafuni au mfunikoni. Dada mwenyewe alikuwa ameshazoea, alikuwa ananusa akisema hapa kidogo, hapa sana, na akirudia anabadilisha. Nikaamua kutumia vitambaa.

Nilisuuza deli lote kwa maji baridi, nikaliacha wazi saa moja likauke kidogo. Nikakata vipande vitano vya fulana nyeupe ya pamba, kila kimoja kama kiganja, nikavilowesha maji safi na kuvikamua. Cha kwanza nikakiweka sakafuni katikati, cha pili ukutani, cha tatu upande wa ndani wa mfuniko, cha nne nikakikunja kando ya ule mpira unaozunguka mfuniko, cha tano nikakisokota nikakichomeka kwenye tundu la kizibo kwa ndani. Kila kimoja nikakifunika na kipande cha nailoni na kukigandisha pembeni kwa gundi ya karatasi ili kisivute harufu ya jirani yake. Vikalala usiku mzima. Asubuhi nikavaa glovu mpya, nikatoa kimoja kimoja nikaweka kila kimoja kwenye chupa yake ya kioo yenye mfuniko, nikaandika namba chini ya chupa ambapo hazionekani, nikazibeba mpaka nje mbali na deli.

Nikamwita mpwa wangu ana miaka 12, pua mpya haijanusa kitu. Sikumwambia ni nini wala kipi kimetoka wapi. Akafungua ya kwanza akasema hamna kitu, labda maji. Ya pili hamna. Ya tatu akasema inanukia ile pafyumu ya chumbani. Ya nne akakunja pua akasema samaki kidogo. Ya tano aliifungua, akaiweka chini bila kuifunga, akarudi nyuma hatua tatu.

Yaani wiki nzima dada alikuwa anasugua kuta na sakafu, na kuta na sakafu zilikuwa karibu safi. Harufu ilikuwa imekaa kwenye kizibo, na kidogo kwenye mpira wa mfuniko. Na ukifikiria dawa zote alizoweka, zote aliziweka kizibo kikiwa kimefungwa, maana angekifungua zingemwagika. Kwa hiyo hakuna iliyopita pale ikapasuuza.

Nikachukua bisibisi na koleo. Kizibo cha deli hili kina mrija mfupi wa plastiki unaopita kwenye kuta mbili, ya ndani na ya nje, umebanwa na nati kubwa ya plastiki upande wa ndani, na chini ya nati kuna wosha ya mpira. Nati ilikuwa imelegea, niliizungusha kwa vidole tu koleo sikuhitaji. Nilipoiinua, ile wosha ilitoka imekakamaa kama ganda la muwa, na chini yake kulikuwa na utando wa kijivu cheusi, laini, unateleza, na katikati yake gamba moja la samaki limelala bapa limeshika kabisa plastiki. Nililitoa kwa ukucha wa glovu. Harufu iliyotoka pale, dada aliyekuwa amesimama mlangoni aliisikia akasema ndo hiyo, ndo hiyo yenyewe.

Lakini bado. Nilipouvuta mrija wote ukatoka, tundu likabaki wazi na unaona ndani kati ya kuta mbili ile sponji ngumu ya njano inayozuia joto, ni poliurethani, karibu kila deli la maana linayo. Kwa kawaida sponji hii vijitundu vyake vimefungwa kila kimoja peke yake, hainywi maji kama sponji ya vyombo, lakini haijajaa kila kona, inaachana na ukuta hapa na pale na kuna mianya. Nikaliinamisha deli tundu likiwa chini, juu ya bakuli jeupe. Kwa dakika nzima hakuna kitu, alafu tone moja la kahawia, kisha lingine. Nikaliegemeza ukutani hivohivo nikaliacha. Mpaka jioni bakuli lilikuwa na kama vijiko sita vya chakula vya maji ya kahawia yanayonuka vibaya sana, hayo ndo maji ya samaki ya wiki tatu yaliyopenya kwa nati iliyolegea wakati zile lita mbili zimekaa juu yake usiku na mchana.

Hapo ndo nikaelewa kwa nini harufu ilikuwa inarudi kesho yake kila mara. Likiwa wazi gesi inapeperuka na unaona limepona, ukilifunga inajikusanya polepole kutoka ukutani kupitia tundu.

Kazi tuliigawa sehemu tatu.

Ndani ya deli kulikuwa rahisi kwa hiyo sitachelewa hapo. Maji ya uvuguvugu ya kama nyuzi 40, yale ambayo mkono unakaa bila kuumia, na sabuni ya unga ya kufulia, ila ile ambayo pakiti inasema ina vimeng'enya, kwa sababu vimeng'enya vinakatakata protini na mafuta vipande vidogo vinavyosuuzika, kitu ambacho sabuni ya vyombo haikifanyi. Vinahitaji muda na unyevu, havihitaji nguvu, na ukivichanganya na blichi au maji ya moto sana vinakufa. Badala ya kujaza lita 45, ambazo ni kilo 45 na huwezi kulibeba deli, nililowesha mataulo ya zamani kwenye hiyo sabuni nikayabandika ukutani na sakafuni, nikafunika mfuniko bila kuubana, saa sita. Harufu ilipanda kidogo wakati huo kama tulivyotegemea. Nikasugua kwa brashi laini, sio waya, mikwaruzo mipya ni nyumba mpya za uchafu. Nikasuuza mara tatu, kisha mataulo mengine yenye siki na maji nusu kwa nusu kwa saa mbili, nikasuuza kwa maji matupu, basi.

Vitu vidogo, yaani kizibo, mrija, nati na ule mpira wa mfuniko ambao unachomoka ukiuvuta taratibu kutoka kona, vililala kwenye bakuli la sabuni ileile, kisha nikavisugua na mswaki kwenye kila mfereji. Mpira wa mfuniko ulikuwa na weusi kwenye mkunjo wa ndani, ni ukungu, huo nikaupitishia blichi nyepesi peke yake siku ya pili, dakika kumi, ukasuuzwa sana kabla ya siki kuja karibu. Wosha haikuwa ya kuokoa. Mpira ukishakakamaa haubani tena hata ukiwa safi namna gani, tukaweka mpya ya silikoni ya kipimo kilekile.

Sehemu ya tatu ndo ilikula siku zote, ule mwanya kati ya kuta. Nilitafuta bomba la sindano kubwa la mililita 60, bila sindano, nikaweka kamrija kembamba ka plastiki mbele yake. Nikalilaza deli tundu likiwa juu, nikaingiza maji baridi kwanza, kidogo kidogo, mpaka yakaanza kurudi, nikaligeuza yakatoka ya kahawia. Nilirudia mpaka yakatoka meupe, ilikuwa mara ya saba. Kisha sabuni ya vimeng'enya ya uvuguvugu, ikakaa saa nne, ikatoka na mawingumawingu. Nikasuuza tena. Kisha siki moja kwa maji mawili, saa moja, ikatoka, na safari hii nilichovya kitambaa kwenye kilichotoka nikanusa: siki tupu. Nikamalizia na maji matupu mara tano. Sikuweka blichi humo kabisa, kwa sababu huwezi kuhakikisha imetoka yote kabla siki haijaingia, na mahali usipopaona hupafanyii mchezo.

Kuna mtu ataniuliza si ulikuwa unaongeza maji kwenye sponji ambayo tatizo lake ni maji. Ni kweli, na ndo sababu kukausha kulichukua muda kuliko kuosha. Deli lilisimama kwa ubavu tundu likiangalia chini, mfuniko wazi, mchana juani usiku ndani mbele ya feni, feni ikipuliza kwenye tundu. Jua linasaidia kwa njia mbili, linakausha, na joto lake linatoa gesi iliyokuwa imezama ndani ya plastiki yenyewe, ambayo hakuna sabuni inayoifikia. Jua la wiki moja haliharibu deli, ila usiliache miezi juani kwa sababu miale inaikausha plastiki ikawa rahisi kupasuka. Siku mbili za mwanzo bado matone yalikuwa yanaanguka kwenye kitambaa nilichotandika chini. Ya tatu kitambaa kikawa na doa dogo. Ya tano kikavu.

Siku ya sita nikarudia vitambaa vitano, kwa utaratibu uleule, na mpwa wangu yuleyule akanusa. Nne safi kabisa, hata ile ya manukato ilikuwa imeondoka na jua. Ya tano akasita, akanusa tena, akasema kuna kitu lakini sijui ni nini. Kwangu mimi hiyo sio kupona. Nikarudia siki ya mwanyani mara moja na kusuuza, na siku nne nyingine za feni. Dada alinipigia akasema mbona unajitesa, si limeshakuwa afadhali, nikamwambia hiyo afadhali, ukilifungia stoo wiki moja kwenye joto litarudi kuwa lilelile.

Baada ya hapo mpwa alisema ya tano hamna kitu. Na nikafanya jaribio la mwisho ambalo nadhani ndo la haki zaidi kwa kitu cha kubebea chakula: glasi ya maji safi wazi ndani ya deli, mfuniko umefungwa vizuri, masaa 24 mahali pa joto. Maji yanavuta harufu vizuri, na ukiyanywa ulimi na pua vinakuambia ukweli ambao deli tupu linaweza kuuficha. Niliweka glasi nyingine ya maji yaleyale jikoni ili kulinganisha. Tulikunywa wote watatu bila kujua ipi ni ipi na hakuna aliyeweza kuzitofautisha.

Kurudisha kizibo kulikuwa dakika ishirini. Kabla ya kuweka mrija nilipaka silikoni isiyo na dawa ya ukungu, ile inayoruhusiwa kwenye vyombo vya chakula, kuzunguka tundu kwa ndani na kwa nje, nikaubana mrija, wosha mpya, nati nikaikaza kwa mkono na robo mzunguko wa koleo, sio zaidi maana ni plastiki itakatika. Ikakauka siku mbili. Nikaweka maji lita tatu yenye rangi ya chakula nyekundu, yakakaa usiku kucha, asubuhi nikayamwaga, nikaondoa nati kwa uangalifu kuangalia: chini ya wosha peupe, hakuna wekundu. Nikaipaka tena na kuifunga moja kwa moja.

Sasa kama deli lako halikuwa la samaki usinakili siki hii bila kufikiria. Maziwa yaliyomwagika na kuchacha yananuka kwa sababu ya asidi, hasa asidi ya butiriki, hiyo dawa yake ni upande wa pili, bekingi soda vijiko vinne kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu, siki hapo haibadilishi kitu. Nyama iliyooza ina mchanganyiko, kuna harufu za salfa kama za yai viza ambazo siki wala soda haziziwezi, pale haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 inasaidia sana, mfuniko ukiwa wazi na bila kuchanganya na siki. Harufu ya ukungu tu, ya nguo zilizokaa na maji, hiyo mara nyingi ni mpira wa mfuniko na ni kukausha. Na kahawa, vanila, maganda ya limau, vyote hivyo vinafunika tu. Mkaa amilifu na magazeti yaliyokunjwakunjwa vinavuta kweli kile kidogo kinachobaki, lakini deli likiwa kavu, maana mkaa ukilowa vijitundu vyake vimejaa maji havina nafasi. Vyote hivyo ni vya hatua ya mwisho, kwa deli la dada vingekaa mwezi na wala visingelifikia lile gamba.

Na kuna madeli ambayo mi nisingehangaika nayo. Kama ukuta wa ndani umepasuka na ukibonyeza unasikia maji yanasogea, sponji imeshajaa na hutaikausha, libaki la kubebea vitu vingine sio chakula. Yale mepesi meupe ya povu tupu yasiyo na ukuta wa plastiki ndo hayaponi kabisa yakishaingiwa na mafuta ya samaki.

Dada alilichukua baada ya siku 17. Nilimpa masharti mawili tu. La kwanza, samaki wakae kwenye mifuko iliyofungwa na kizibo kifunguliwe mara moja wakishatolewa, kabla ya kuoga, kabla ya kula, kisha maji baridi yapitishwe mpaka yatoke meupe kwenye tundu. La pili, deli halifungwi likihifadhiwa, kizibo kimetolewa kinaning'inia, na mfunikoni kamti ka unene wa kidole kanazuia usijifunge.

Limeshaenda kuvua mara tatu tangu hapo. Juzi nilipita kwake nikaingia stoo bila kumwambia, lilikuwa juu ya rafu, kamti kapo, nikainama kwenye tundu la kizibo nikavuta pumzi ndefu. Lilikuwa linanuka plastiki.